Kazi za usafi za ghafla Nairobi: maswali tunayoulizwa kila wiki

Sisi ni watu watano, mashine mbili na rundo la ndoo. Stoo yetu iko Umoja, na tunafanya usafi kokote tunakoitwa. Simu nyingi tunazopokea huanza na "leo inawezekana?" Baadhi ya maswali haya tumeulizwa na wenzetu wanaoanza biashara kama hii, mengine na wateja wenyewe. Tumeanza na ya msingi, tukamalizia na yale yanayokuja mara moja kwa miezi mitatu lakini yakija yanakutoa jasho.

## Mambo ya kwanza

1. Kazi ya ghafla ni ipi hasa?

Kwetu ni kazi iliyoitishwa leo na inayotakiwa kuisha leo, au kabla ya kesho saa mbili asubuhi. Mpangaji anahama, na mwenye ploti hataki kumrudishia dipoziti mpaka nyumba ing'ae. Mgeni wa Airbnb ametoka Kilimani saa nne na mwingine anaingia saa nane. Bomba limepasuka juu ya dari ya ofisi Westlands. Mtoto ametapika kwenye sofa na wakwe wako njiani. Kazi ya kila Jumamosi si ya ghafla hata kama mteja amekupigia akihema. Huyo amesahau tu.

2. Zinalipa kuliko kazi za kawaida?

Kwa saa, ndiyo. Kwa mwezi, si lazima. Kazi ya ghafla huja na boda badala ya matatu, maji ya kununua, na mtu uliyemtoa nyumbani bila kumwambia mapema. Ukitoza bei ya kila siku utakuwa umemfanyia kazi mwenye boda.

Sisi tunataka kandarasi za kila wiki zilipe kodi ya stoo na mishahara, za ghafla ziwe nyama juu ya ugali. Anayetegemea simu za ghafla peke yake atalala njaa Februari, wakati jiji zima bado linauguza karo ya Januari. Hesabu ya bei iko swali la 15.

3. Nianze na vifaa gani?

Wengi hukimbilia mashine. Sisi tungeanza na begi.

Letu ni begi la turubai lenye zipu, la mtumba, la wale wanaosafiri na nguo za mwezi. Ndani kuna vitambaa 20 vya maikrofaiba vya rangi nne: vyekundu vya choo, vya bluu vya vioo, vya kijani vya jikoni, vya njano vya vumbi. Kuna jozi nne za glavu, chupa tatu za kunyunyizia, mpira wa kukokotea maji kwenye vioo, kisu cha kukwangulia rangi iliyodondoka, brashi moja kubwa na miswaki miwili ya kawaida ya meno kwa zile pembe za bomba ambazo hakuna brashi nyingine huingia. Mifuko ya taka. Taa ya kichwani. Soksi safi, kwa sababu kuna nyumba za watu utavua viatu mlangoni na soksi yako ndiyo itakayokutambulisha. Nje ya begi: ndoo mbili, mopu, fagio, beseni.

Begi hilo haliguswi kwa kazi iliyopangwa. Kazi ya Jumanne uliyoijua tangu Ijumaa ina begi lake. Ukianza kuazima kitambaa kimoja, kesho glavu, keshokutwa chupa, simu ikilia utakuta umebaki na begi la kubebea hewa.

4. Lazima niwe na gari?

Hapana. Boda moja hubeba mtu, begi na mashine ndogo ikikazwa vizuri kwa mpira. Kazi ya watu watatu na mashine mbili tunakodi Probox ya jirani. Kumbuka tu kwamba pikipiki na tuktuk haziruhusiwi kwenye Expressway, ile barabara ya kulipia, kwa hiyo mtu wa boda anayetoka Mlolongo kwenda Westlands atapitia chini, kwenye Mombasa Road, pamoja na malori yake yote. Muda wa kufika uhesabu hivyo.

## Vifaa na sabuni

5. Vifaa vinarudi vimelowa saa mbili usiku. Vitakuwaje tayari saa kumi na mbili asubuhi?

Hapa ndipo kazi ya ghafla inapatikana au kupotea. Mteja anadhani unajiandaa akipiga simu. Akipiga, wewe ulimaliza kujiandaa jana usiku.

Kwetu anayerudi hakai chini kabla ya vitambaa kuingia kwenye maji moto na sabuni ya unga. Dawa ya kulainisha nguo hatuitii, kwa sababu inaziba nyuzi za maikrofaiba na kitambaa kinaanza kusukuma maji badala ya kuyanyonya. Vikishakamuliwa vinaanikwa kwenye kamba ndani ya stoo. Kuanzia Juni hadi Agosti, ule ubaridi wa Nairobi unaoingia mpaka kwenye mifupa, havikauki usiku mmoja hata ufanyeje. Ndiyo maana tuna seti tatu: moja imetumika, moja inakauka, moja iko begini. Mwanzoni tulikuwa na mbili, tukawa tunabeba vitambaa vibichi. Kitambaa kibichi kilichofungwa kwenye zipu usiku kucha kinatoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa, na harufu hiyo ndiyo unayoipaka kwenye meza ya mtu.

Mashine ya sofa ina tangi la maji machafu. Limwagwe, lisuuzwe, liachwe wazi. Kuna usiku tulisahau. Asubuhi tukaiwasha sebuleni kwa mteja South B, ikapumua. Mama wa watu hakusema neno, alifungua tu madirisha yote, moja baada ya jingine, akienda polepole. Tulirudisha nusu ya malipo bila kuulizwa.

Ya mwisho ni kuhesabu. Karatasi ya orodha imebandikwa ndani ya kifuniko cha begi, na anayehesabu si yule aliyepanga. Kila kitu kikiwepo, zipu inafungwa na kamba nyekundu inapitishwa kwenye tundu lake. Begi lisilo na kamba nyekundu halitoki, hata mteja awe analia.

6. Nibebe sabuni zipi, na zipi nichanganye mapema?

Sabuni ya maji ya kawaida inatosha kwa sakafu, kuta na jikoni. Wengi wetu tunaitengeneza wenyewe kwa ungarol, malighafi ya sabuni, na kuiweka kwenye mtungi wa lita 20. Hiyo ipime kwenye chupa jana yake. Usiimwage kwenye mashine ya sofa. Povu lake ni jingi, linapanda mpaka kwenye mota, na fundi atakuuzia mota mpya kwa uso wa huruma. Mashine ina sabuni yake isiyotoa povu.

Jik, ile dawa ya klorini, hatuichanganyi mapema. Ikishatiwa maji huanza kupungua nguvu, na baada ya siku moja unanyunyiza harufu tu. Ichanganye pale pale, kwa maji baridi.

Kwenye marumaru na terazo weka mbali siki, limau na sabuni za choo zenye asidi. Zinaacha alama butu ambazo hakuna kusugua kutaziondoa. Zulia la sufu lisiguswe na Jik, litaliwa. Na chupa zote ziandikwe kwa kalamu isiyofutika. Sabuni kwenye chupa ya soda ni kesi inayosubiri mtoto wa mteja apate kiu.

7. Mteja anataka Jik ichanganywe na sabuni ya choo "ili iue kabisa". Nikubali?

Usikubali. Jik ikikutana na asidi, iwe ya sabuni ya choo au siki, inatoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia, hata ile ya mkojo mwingi uliokauka, inatoa gesi nyingine inayochoma macho na kifua. Vyoo vingi vya vyumba vya Nairobi vina kidirisha kimoja kama daftari, kwa hiyo gesi haina pa kwenda. Tumia moja, vuta maji mara mbili, kisha ndiyo utumie nyingine. Ukishasikia koo linawasha, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Mzee anayeng'ang'ania mwambie kwa heshima, "Mzee, hii itaniua mimi kabla ya hao wadudu." Kufikia sasa hakuna aliyebisha.

8. Mashine ya sofa, ninunue au nikodishe?

Ikiwa unapata kazi za sofa chini ya nne kwa mwezi, kodisha. Shida ya kukodisha ni kwamba siku unayoihitaji wewe ndiyo siku inayohitajika na kila mtu, yaani Jumamosi na siku za mwisho wa mwezi. Basi patana na wenye mashine wawili, na wote wawili uwalipe kwa wakati.

## Maji, stima na barabara

9. Nikifika nikute mifereji imekauka?

Swali letu la kwanza kwenye simu ni "maji yako leo?" Idadi ya vyumba inafuata. Na akijibu ndiyo, tunauliza tena: "Kwenye bomba au kwenye tangi?" Nyumba ya kuhama ina ujanja wake: tangi lilitumika jana kuoshea vyombo vya mwisho na msimamizi wa ploti ameshafunga mita.

Maji ya jiji hili ni ya mgao. Kampuni ya maji ya Nairobi hutoa ratiba ya mitaa na siku zake, nasi tumeibandika ukutani, lakini hatuiapii. Bwawa la Ndakaini linaweza kujaa mpaka likamwagika na bado mfereji wa Kasarani ukakaa kimya siku tatu.

Nyumba tupu ya vyumba viwili vya kulala hutumia mitungi sita hadi minane ya lita 20 kwa mikono yetu. Tunafanya hivi: ndoo moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na maji yanafuata mpango. Safi kabisa yanaanza kwenye vioo na kabati, yakichafuka kidogo yanashuka sakafuni, yakishakuwa chai ya rangi yanamalizia balkoni na kuvutia choo. Hakuna tone linalomwagwa kabla halijafanya kazi mara mbili. Ikiwa maji ni ya kisima, vioo vifutwe mpaka vikauke, la sivyo chumvi itaacha madoa meupe na mteja atasema hamkuosha.

Tuna namba za wauza maji wa mkokoteni katika kila mtaa tunaofanya kazi mara kwa mara. Siku ya ukame bei ya mtungi inapanda bila aibu. Mteja ndiye anayelipa, na tunamwambia hivyo kwenye simu. Kuipandisha mitungi ghorofa ya tano isiyo na lifti kuna bei yake pia.

10. Stima ikipotea, au tokeni zikiisha?

Nyumba iliyohamwa karibu kila mara imebaki na sifuri. Mwambie mteja anunue tokeni kabla hamjatoka, akutumie zile tarakimu 20, na akuonyeshe kidude cha kubonyezea kiko wapi, maana wengine huondoka nacho kwenye sanduku la vijiko. Mashine ya wati 1,200 ikifanya kazi saa mbili inakula takriban yuniti mbili na nusu, kwa hiyo hakuna haja ya kumtisha na pesa nyingi.

Kwa stima kukatika, Kenya Power hutangaza mitaa itakayozimwa kwa matengenezo, itazame jioni. Zile za bila tangazo hazina dawa. Zikikupata, anza na kazi za mikono na umwachie mteja uamuzi kuhusu sofa. Ekstensheni ya kuviringishwa ikunjue yote hata kama soketi iko karibu. Ikiachwa imejikunja na mashine nzito inapata moto na inaweza kuyeyuka.

11. Nimwahidi mteja kufika saa ngapi?

Mwahidi muda, si dakika: "kati ya saa sita na saa nane." Kutoka Umoja kwenda Karen saa kumi na moja jioni ni safari ya kuaga watu.

Tumeligawa jiji sehemu tatu. Kuna upande wa Thika Road na Outer Ring, upande wa Mombasa Road, na upande wa Ngong Road na Waiyaki Way. Kazi mbili za ghafla siku moja lazima ziwe upande mmoja. Ya pili ikiwa upande mwingine, ni ya kesho au ni ya mtu mwingine. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, tunaongeza saa moja, na tunaweka nauli zaidi mfukoni kwa sababu matone matatu tu yanatosha matatu kubadilisha bei. Siku za maandamano tunabaki karibu na nyumbani. Saba Saba ya 2025 barabara za kuingia mjini zilifungwa, na kazi pekee iliyowezekana ilikuwa ile ya kwenda kwa miguu.

Na usiseme "tuko hapa kwa kona" ukiwa bado unatafuta kiatu. Kila Mnairobi anaijua kona hiyo.

## Watu

12. Nitawapataje wafanyakazi kwa saa moja?

Huwapati kwa saa moja. Unawapanga jana yake. Kila jioni tunatuma ujumbe wa zamu kwa watu wawili: kesho ni nyinyi, simu iwe wazi na yenye chaji kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Aliye zamu analipwa posho ndogo hata simu isipolia. Wenzetu wengi wanaona hiyo ni pesa ya kutupa. Lakini mtu usiyemlipa kukungoja ataenda kufua nguo za mtu Buruburu au kubeba mawe kwenye mjengo, na atakuwa na haki.

Orodha yetu ina majina manane ili tupate mawili. Wa kutegemewa zaidi ni akina mama waliokuwa mama fua. Wanajua madoa kuliko kitabu chochote, na wanajua kuingia nyumba ya mtu bila kutazamatazama.

Kibarua alipwe jioni hiyo hiyo. Na usimtumie mtu kila siku ukiendelea kumwita kibarua: kwa Sheria ya Ajira ya 2007, siku za kazi mfululizo zikifika mwezi mmoja kwa jumla, sheria inamhesabu kuwa mfanyakazi wa mwezi, pamoja na haki zake.

13. Tumefika kwa wakati lakini geti halitufungulii.

Hii imetupotezea muda kuliko mvua. Soja anashika daftari na kusema, "Madam, jina lako haliko hapa," na mteja yuko mkutanoni, simu imezimwa. Siku hizi, mara tu dipoziti ikiingia, tunamtumia mteja majina ya wanaokuja na namba ya gari au boda, tunamwomba ayapeleke getini, na hatutoki mpaka aseme amepeleka. Vitambulisho viwe mfukoni, si picha kwenye simu.

Jambo ambalo wageni wa kazi hii husahau: mashine yako iandikwe kwenye daftari unapoingia. Usipoiandikisha, saa mbili usiku utakuwa unamweleza soja wa zamu nyingine kwa nini unatoka Kileleshwa na mashine begani.

14. Kitu kikipotea au mfanyakazi akiumia?

Kabla ya kugusa chochote, mmoja wetu anazunguka nyumba akichukua video, taratibu, akitaja anachokiona: kioo kina ufa, kabati limevunjika bawaba. Video hiyo inatumwa kwa mteja kabla ya kazi kuanza. Pesa na vito tunamwomba avifungie. Wafanyakazi wetu wote wana cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi), kinachoombwa kupitia eCitizen.

Mteja mmoja aliwahi kudai pete, na mfanyakazi wetu akalala na aibu ya bure. Ilipatikana kesho yake ndani ya mfuko wa vakyumu. Tangu hapo mfuko unafunguliwa mbele ya mteja, kwenye gazeti, na vumbi linapekuliwa kama mchele.

Kuhusu kuumia, sheria ya fidia ya 2007, ile inayoitwa WIBA, inamtaka mwajiri awe na bima ya wafanyakazi wake. Sakafu yenye sabuni haichagui kibarua na wa kudumu.

## Bei na malipo

15. Nitatajaje bei bila kuona nyumba?

Omba video ya dakika mbili, na useme unachotaka kuona: ndani ya oveni, chini ya sinki, nyuma ya choo, juu ya kabati. Mtu akikutumia picha nne nzuri za sebule, jikoni kuna siri.

Kwa nyongeza ya haraka tunachukua bei yetu ya kawaida, tunaongeza theluthi, kisha usafiri kama ulivyo. Kazi ya shilingi 6,000 inakuwa 8,000, na boda za kwenda na kurudi zikiwa 800, mteja anasikia 8,800. Maji yako kando (swali la 9). Tunataja hesabu yote kwa ujumbe, si kwa mdomo, na tunaongeza sentensi moja: nyumba ikiwa tofauti na video, tutazungumza kabla ya kuanza. Kuzungumza baada ya kumaliza ni ugomvi.

16. Dipoziti ni lazima? Na hizi jumbe feki za M-Pesa?

Nusu kabla ya kutoka stoo. Mteja wa kweli mwenye haraka hutuma hata kabla hujamaliza kusema. Anayesema "njooni kwanza" mara tatu, tunabaki.

Usiamini ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mtu, wala ule uliotumwa kwako kutoka namba ya kawaida. Angalia salio la tili yako, ile namba ya biashara ya M-Pesa. Anayesema amekutumia zaidi kimakosa kwenye namba yako na anataka umrudishie haraka, mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456, Safaricom washughulikie. Usimtumie kutoka mfukoni mwako.

17. Nahitaji karatasi gani?

Jina la biashara lililosajiliwa, kibali cha biashara cha Kaunti ya Nairobi na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi. Ofisi zitataka ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa sababu tangu Januari 2024 bila hiyo hawawezi kuyahesabu malipo yao kama matumizi kwenye kodi. Ofisi ikikupigia saa tatu asubuhi na huna, kazi inaenda kwa mwenye nayo. Mauzo yakiwa kati ya shilingi milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, kuna kodi ya mauzo ya asilimia 3.

## Hali zisizo za kila siku

18. Airbnb: mgeni anatoka saa nne, mwingine anaingia saa nane. Nianzie wapi?

Kitandani. Shuka zinatoka kwanza ili ziende kufuliwa, na safi za seti ya pili zinatandikwa mwisho, vumbi likishatulia. Mwenye nyumba asiye na seti ya pili tunamweleza kwamba jua la Nairobi halifanyi kazi kwa mkataba. Baada ya kitanda, loweka choo na oveni, fanya mengine dawa ikifanya kazi. Malizia na nywele kwenye bafu. Mgeni anasamehe vumbi, hasamehi unywele.

19. Tumeinua mto tukakuta kunguni.

Simamisha kazi, piga picha, mpigie mteja. Sisi ni wasafishaji, si wapuliza dawa. Begi litoke nje au liwekwe ndani ya beseni kavu, kamwe si juu ya kitanda wala zulia. Vitambaa vilivyotumika vifungwe kwenye mfuko na vichemshwe vikifika. Kunguni na mayai yao hawavumilii maji yanayochemka. Mashine hiyo haiendi nyumba nyingine siku hiyo. Tunatoza usafiri na saa tulizotumia, na tunasema hivyo kwa upole, kwa sababu mtu ana aibu tayari.

20. Maji ya mafuriko au ya choo yameingia ndani. Tuchukue?

Chukua ukiwa na gambuti, glavu ndefu na watu walio tayari. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalitufundisha haraka. Swichi kuu izimwe kabla mguu haujaingia kwenye maji. Tope litoke kwanza kwa koleo, kisha sabuni, kisha Jik. Jik juu ya tope haiui kitu. Godoro lililolowa maji taka halisafishwi, linatupwa, hata mteja aseme ni jipya. Mwenye kidonda asiingie.

21. Kuna damu. Au ni nyumba yenye msiba.

Damu ya ajali ya jikoni: glavu, karatasi za kunyonya, kisha Jik iachwe dakika kumi kabla ya kufuta. Ikiwa kuna kesi, usiguse mpaka polisi waseme wamemaliza.

Nyumba ya msiba inapiga simu kwa sababu wageni wa matanga wanaanza kufika jioni. Hapo tunaenda wawili, bila redio, bila kuomba video. Dipoziti hatuombi pia. Unauliza kitu kimoja: chumba gani kisiguswe. Mara nyingi kipo, na glasi ya maji bado iko kando ya kitanda.

22. Mteja amepiga saa tatu usiku. Niende?

Kwa bomba lililopasuka kwa mteja tunayemjua, ndiyo, tukiwa wawili na usafiri wa kurudi umeshalipwa. Kwa namba ngeni inayotaka "msichana mmoja tu wa kusafisha", hapana, na hatuelezi kwa nini.

23. Desemba mnafanyaje?

Ndiyo mwezi mgumu. Watu wa ng'ambo wanatua, nyumba zilizofungwa miezi kumi zinataka kufunguliwa, na wakati huo huo wafanyakazi wanapanda basi kwenda ushago. Novemba tunauliza kila mmoja: unabaki au unaenda? Hatumlaumu anayeenda. Anayebaki analipwa zaidi kuanzia tarehe 15, na posho ya zamu ya swali la 12 inapanda. Sabuni na mifuko tunanunua mwisho wa Novemba, mashine zinapelekwa kwa fundi kabla fundi naye hajapanda basi.

Kisha tunaandika kwenye status ya WhatsApp: nafasi mbili kwa siku. Zikijaa, anayepiga wa tatu tunampa namba ya wenzetu wa Buruburu na kumwambia aulize kwanza kama mabegi yao yamekauka.